Shanga Kumi na Moja

Nyinyi mabinti mnaoshuka Doha na sare mpya ambazo bado zina mikunjo ya mfuko, nawaandikia nikiwa na hasira. Sitangoja ipoe. Ikipoa nitaanza kuwa mpole, na upole wangu hautawasaidia kitu.

Nimelinda miaka minane. Nimelinda ghala Al Wakrah, nimelinda maegesho ya magari, nimelinda lango la mtaa wa matajiri, na mwisho nimelinda jumba la maonyesho la mtu binafsi upande wa Abu Hamour, na hapo ndipo nilipovua sare. Shule niliishia kidato cha nne, Voi. Lakini ulinzi naujua, na wanaosimamia walinzi nawajua zaidi. Kwa hiyo nisikilizeni.

Msiamini lebo. Msiamini zamu iliyotoka. Msimwamini anayekuita dada mara tatu katika sentensi moja.

Hilo la zamu iliyotoka nililijua kwa aibu. Mwezi wangu wa kwanza Al Wakrah nililinda ghala la matairi. Kuna daftari, unaandika ulichokikuta na ulichokiacha. Mimi nikaona mwenzangu wa asubuhi ameandika, "Matairi arobaini, salama." Jua kali, ghala liko mbali na kibanda, nikaandika chini yake, "Matairi arobaini, salama." Saa tisa alasiri akaja Mzee Okello. Huyo ni Mganda wa Lira, mkuu wetu wa zamu, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Akasoma daftari, akanishika mkono wa shati, akanipeleka ghalani. Tupu. Lori lilikuwa limebeba matairi yote kabla ya saa sita. Halali kabisa, na karatasi zipo.

"Wewe mutoto," akaniambia, "hapa unalinda nini? Hewa?"

"Afande, mwenzangu aliandika..."

"Mwenzako alikuwa na macho yake. Yako iko wapi? Andika kitu umeona. Kama hauna ona, andika hauna ona."

Wiki nzima Waganda wenzake wa zamu yetu waliniita Madam Hewa. Nikipita, mmoja anavuta pumzi kwa nguvu: "Samahani madam, nimeiba kidogo."

Kule kibandani tulitumia penseli. Kalamu ya wino ikipigwa na joto la Agosti inavuja mpaka mfukoni. Mzee Okello alichukia penseli kama vile imemwoa dada yake. "Kitu ya kufutika," alisema. Basi akatufundisha tukandamize. Unaandika kwa nguvu, polepole, kama unachonga. Mtu akifuta rangi, mfereji unabaki kwenye karatasi, na kwenye karatasi ya chini yake pia. Nilivunja ncha nyingi sana. Wenzangu walinicheka, wakasema naandika kama mtu anayekanda chapati. Mzee alirudi kwao kufuga mbuzi, mimi nikabaki na tabia hiyo. Kumbukeni hiyo tabia, tutairudia.

Sasa jumba la maonyesho. Kazi tamu ukiiona kwa mbali: baridi ya AC, sakafu inang'aa, hakuna vumbi. Ukiingia ndani ni kusimama saa kumi na mbili. Nunueni viatu vinavyozidi mguu kwa namba moja, kwa sababu mchana mguu unavimba. Msiegemee ukuta, kamera inaona. Hamisheni uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine kabla maumivu hayajaanza. Na mkihesabu vitu, anzeni nyuma ya chumba mje mbele, kwa sababu kila mtu huanza mbele akachoka kabla ya kufika nyuma, na mwizi analijua hilo. Ndani ya vyumba hairuhusiwi kalamu ya wino, inaweza kuchafua kitu cha kale. Penseli tu. Mnaona? Nikarudi kwenye penseli.

Mwaka huo maonyesho yalikuwa ya Japani ya zamani kabisa. Vyumba vinne. Nimewasikiliza waongozaji wakirudia habari hiyo hiyo mara sita kwa siku, sasa naweza kuwapeleka mwenyewe nikiwa nimefumba macho. Chumba cha kwanza ni watu wa mwanzo, wavuvi na wawindaji waliokula kokwa za msituni na kombe za pwani. Hawakuwa na maandishi. Lakini walifinyanga vyungu maelfu ya miaka iliyopita, na udongo ukiwa bado mbichi waliviringisha kamba juu yake, alama za kamba zikabaki mpaka leo. Chumba cha pili, wakulima wa mpunga na kengele zao za shaba. Cha tatu, makaburi ya wakubwa, vilima vyenye umbo la tundu la ufunguo, na askari wa udongo waliopangwa juu yake kulinda. Hao niliwasalimia kila asubuhi. Wamesimama miaka elfu moja na mia tano bila likizo, na nina hakika kuna msimamizi aliyewaambia watapewa mwaka ujao.

Cha nne ni watu wa kasri. Hao ndio walionishangaza. Mwanamke anavaa nguo kumi na mbili, moja juu ya nyingine, anakaa nyuma ya pazia la mianzi, na wewe unaona ncha za mikono ya nguo tu. Kwa rangi hizo unatakiwa ujue ni nani na ana akili kiasi gani. Barua ikija, kabla ya kusoma wanaangalia karatasi, wanaangalia ilivyokunjwa, wananusa, wanapima mwandiko. Mwandiko mbaya, umekwisha. Wanawake hao waliandika kwa herufi za lugha yao wakati wanaume wanajitia Kichina. Kasri zima watu wananusana barua! Nilisema moyoni, hawa wangefaa kuajiriwa kwetu. Hakuna wanachokiamini mpaka wamekigeuza upande wa pili.

Wiki ya kwanza nilikaribia kujifukuzisha kazi mwenyewe. Kuna sanamu ya udongo chumba cha kwanza, mwanamke mwenye nyonga pana na macho makubwa kama amevaa miwani ya kuchomelea vyuma. Asubuhi namwangalia, hana mguu. Nikalala kifudifudi nikitafuta mguu chini ya kabati la kioo, tochi mkononi. Nyuma yangu nikasikia mtu anacheka. Alikuwa Bi Haruka, mama wa makamo aliyesafiri na makreti kutoka Japani kuhakikisha kila kitu kinafika kizima.

"Unatafuta mguu?" akaniuliza kwa Kiingereza cha taratibu.

"Ndiyo, madam. Sikuuvunja mimi."

"Najua. Umepotea miaka elfu tatu. Wengi wao huchimbuliwa hivyo, mkono hakuna, mguu hakuna. Wengine tunadhani walivunjwa makusudi. Kwa nini, hatujui."

Kisha akaomba tochi yangu. Akaishika chini kabisa, ubavuni mwa chungu kimoja, mwanga ukapita juu ya udongo ukiwa umelala. Pale nilipoona ukuta laini, zikatokea kamba. Kila uzi. "Mwanga wa mbele unadanganya," akasema. "Wa ubavuni unasema kweli." Nilimpenda mama huyo. Baada ya siku nne alirudi kwao.

Basi, chumba cha tatu, kabati la katikati, kulikuwa na mkufu wa shanga za jiwe la kijani, kila moja ina umbo la korosho. Za wakubwa wa makaburini. Lebo inasema shanga kumi na mbili. Siku ya kwanza kupangwa humo, Bi Haruka ameshaondoka, nikahesabu, kumi na moja. Nikazunguka, nikahesabu tena kutoka kushoto. Kumi na moja. Nikaenda kwa Shabani, msimamizi wetu wa zamu. Shabani ni wa Tanga, Kiswahili chake kimepigwa pasi, na harufu ya udi inamtangulia mlangoni.

"Kaka Shabani, ule mkufu una kumi na moja. Lebo inasema kumi na mbili."

"Dada Wakesho, dada yangu. Lebo imeandikwa na wasomi. Wewe hesabu wageni, dada."

Nikarudi nikaandika nilichokiona: Shanga 11. Na kesho yake. Na kila siku niliyopangwa chumba hicho. Wenzangu waliandika 12, wamenakili lebo, sikuwalaumu kwa sauti. Jioni daftari linapelekwa ofisini kwa Shabani kutiwa sahihi, asubuhi linarudi limefunguliwa ukurasa mpya, kurasa za nyuma zimebanwa kwa kibanio. Sikuwahi kufungua kibanio. Hilo ni kosa langu na ninalikiri: niliandika vizuri nisirudi kuangalia.

Wakati huo Saru wangu alikuwa na miezi mitano. Tunaishi Al Mansoura, chumba kimoja, mimi na mume wangu ambaye ni dereva. Mchana mtoto anashinda kwa jirani, Bi Salma, Mzanzibari, ana mikono ya kumlaza mtoto yeyote. Maziwa ya kopo Saru aliyatema yote. Kwa hiyo nilikuwa na kibegi kidogo chenye barafu na chupa mbili, na mara tatu kwa zamu nilikwenda chooni kukamua. Niliomba ruhusa. Nilipewa. Kwa mdomo. Mabinti, ruhusa ya mdomo si ruhusa, ombeni karatasi.

Sasa siku yenyewe. Kabla ya adhuhuri, mudira, ndiye mama meneja wa jumba, alikuwa anawazungusha wageni wake. Bibi mmoja mgeni, mzee mwenye fimbo, akasimama mbele ya mkufu akahesabu kwa sauti, akasema, "Hapa mbona kumi na moja?" Mudira akacheka. Akahesabu. Akaacha kucheka.

Wageni walipoondoka niliitwa ofisini. Mudira kakaa, Shabani kasimama pembeni kama padri. Daftari liko mezani.

"Jana jioni uliandika nini?" mudira akauliza.

"Kumi na moja."

Akaligeuza daftari. Mwandiko wangu, sahihi yangu, na namba: 12. Akafungua kibanio, akarudi nyuma. 12. 12. 12. Wiki tano. Kwa dakika nzima nilijishuku mwenyewe, jamani. Nikasema labda ni usingizi wa kunyonyesha, labda mkono umeandika kitu kichwa hakijui. Wakishawatia shaka ya namna hiyo, nusu ya kazi yao imekwisha.

"Nilimwambia Kaka Shabani siku ya kwanza," nikasema.

Shabani akainamisha kichwa. "Dada yangu, hukuniambia. Mungu anaona."

"Shabani!"

"Na, mudira, kusema kweli, dada huyu anatoka mara tatu kwa siku. Na kibegi."

Mudira akaniangalia kifuani, kisha akaangalia kibegi. Akasema alasiri ikifika ushanga haujaonekana, anapiga simu polisi. Akili yangu haikwenda jela. Ilikwenda Al Mansoura, kwa Saru, kwa Bi Salma akitazama mlango, na mtoto asiyekubali kopo. Nikizuiliwa siku mbili tu, huyu anakula nini?

Walimwaga kila kitu mezani. Pampu, kitambaa, pakiti za barafu. Halafu Shabani akazishika zile chupa mbili, akazielekeza dirishani.

"Ni maziwa," nikasema. "Ya mtoto."

"Ni utaratibu tu, dada."

Akaenda jiko la ofisi akarudi na chujio la chai. La karak, chai ya maziwa ya huku, bado lina majani ukingoni. Akaenda kwenye sinki la pembeni, akamimina maziwa ya mwanangu katika chujio la chai, akatafuta jiwe. Chupa ya kwanza. Hakuna. Akaligonga chujio, akafungua ya pili.

"Hiyo tikisa tu! Ushanga ni mkubwa kama korosho, utausikia!"

"Utaratibu, dada."

Akamimina. Hakuna. Mudira alikuwa anatazama simu yake. Mimi nilikuwa natazama bomba likisukuma weupe ule uende zake, na ninyi mliokamua mnajua, chupa mbili ni asubuhi nzima ya mwili wako.

Hasira ilinifanyia jambo moja jema: iliniondolea ile shaka. Nikalitazama daftari upya. Ile 1 ya kwanza ilikuwa yangu, fimbo nyeusi iliyochimba. Ile 2 ilikuwa nyembamba, ina shingo ndefu kama bata, imekaa juu ya karatasi kama haitaki kuchafuka. Watu wa chumba cha nne wangeitambua wakiwa nyuma ya pazia.

"Mudira," nikasema, "naomba tochi yangu."

"Ya nini?"

"Kama mimi ni mwizi, tochi haitanisaidia. Nipe."

Nikafungua ukurasa wa leo, ambao haukuwa umeandikwa kitu. Nikazima taa ya meza. Nikailaza tochi ubavuni mwa karatasi, kama Bi Haruka alivyofanya kwa chungu. Na maandishi ya jana yakatokea, mifereji mitupu bila rangi, yote: jina langu, saa, na Shanga 11. Fimbo mbili. Nikarudi nyuma ukurasa mmoja, chini ya ile 2 ya bata, fimbo yangu ipo, imechimba. Nikarudi tena. Ipo. Nikarudi tena.

Mudira akasimama. Akainama mpaka shungi lake likagusa karatasi. Akapitisha kidole.

"Nani anaweka sahihi kila jioni?" akauliza, na hakuwa ananiuliza mimi.

Shabani alikohoa. Lugha ya pasi ilikuwa imekunjamana. "Mudira, nilikuwa nasahihisha tu. Lebo inasema kumi na mbili. Nilidhani dada hajui kuhesabu. Sikutaka makao makuu waone daftari linapingana na lebo, waanze maswali."

"Na ushanga?"

"Wallahi sijui ushanga."

Na hapo, mabinti, namwamini. Hakuiba. Alifuta tu. Kila jioni, kwa kifutio, wiki tano, ili karatasi ifanane na karatasi nyingine.

Mudira akampigia simu Bi Haruka, huko kwao giza lilishaingia. Nilisikia sauti ya yule mama ikitoka kwenye simu, taratibu ile ile. "Kumi na moja, ndiyo. Mmoja una ufa, tuliuacha nyumbani. Lebo ilichapwa mapema. Tuliandika kwenye orodha ya kufungulia makreti. Uliweka sahihi wewe, siku ya pili. Nakala yako uliiweka kwenye droo."

Mudira akavuta droo. Droo ya meza ile ile. Karatasi ya pili kutoka juu. Shanga za jiwe la kijani, kumi na moja, na sahihi yake yenye mkia mzuri.

Walifungua chupa ya mtoto kabla ya kufungua droo. Sina zaidi ya kusema juu ya wakubwa, hiyo sentensi inatosha, ikateni muiweke mfukoni.

Baadaye yalikuja yale yanayokuja. Kesi haipo. Lebo mpya imebandikwa kabla ya kufunga. Mudira akanisogezea boksi la tende, za gharama, zenye lozi ndani, akasema ilikuwa siku ngumu kwa sote. Kwa sote! Shabani akanifuata kwenye ukumbi.

"Dada Wakesho, yaishe. Sisi ni ndugu huku ugenini."

"Ndugu yangu angekunywa chai na majani yake, kuliko kuchuja maziwa ya mwanangu."

"Sasa unataka nini, dada?"

Nikamwambia nataka daftari.

Daftari ni la matukio ya chumba, akasema, si la mambo binafsi. Nikamwambia tukio limetokea kwenye zamu yangu, na nimeliona kwa macho yangu. Mudira, aliyekuwa mlangoni, akaashiria nipewe. Nadhani alifikiri nitaandika kiporojo cha mwanamke aliyekasirika, kisha jioni mtu atapita na kifutio. Sikushangaa. Nilishaanza kumshuku kila aliye na kifutio ndani ya jumba lile.

Nikachonga ncha ya penseli mpaka ikawa fupi na nene. Nikakaa kwenye kiti cha mlinzi, kile ambacho haturuhusiwi kukalia. Nikaandika saa. Nikaandika: "Chupa mbili za maziwa ya mama, zimechujwa kwa chujio la chai na msimamizi Shabani mbele ya mudira. Kilichopatikana: hakuna. Shanga 11." Nikatia sahihi, nikavua kitambulisho, nikakiweka juu ya daftari, nikatoka kwenda kumnyonyesha mwanangu.

Niliandika polepole, jinsi Mzee Okello alivyotaka, mpaka penseli ikalia. Wakifuta ukurasa ule kuna mwingine chini yake, na mwingine chini ya huo. Ukipangwa jumba lile, binti yangu, usiniulize mimi. Chukua tochi, ilaze ubavuni.